Château Carbonnieux: jinsi ya kuinunua, kuitunza na kuinywa, na kwa nini uanze na nyeupe

Naanza na kosa langu ili mjue naongea kama mtu aliyeungua. Binamu yangu alirudi kutoka Paris na chupa ya Carbonnieux nyekundu, waini ya Bordeaux kule Ufaransa, zawadi, nami kwa heshima zote nikaisimamisha juu ya friji, pale ambapo kila mgeni akiingia sebuleni lazima aione. Ikakaa pale tangu Novemba mpaka Julai. Dar hiyo, na joto la Januari na Februari mnalijua, halafu juu ya friji kwenyewe kuna moto wa mashine usiku na mchana. Siku ya kufungua, mbele ya wakwe, kizibo kilikuwa kimejisukuma juu chenyewe na shingoni kuna kitu kinanata, nikamimina, rangi ya matofali, ladha kama zabibu kavu zilizochemshwa na siki. Baba mkwe akanywa kidogo akasema "ahaa, ndio waini ya Kifaransa hiyo", akaomba soda.

Kwa hiyo haya nayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya siku ile.

Mimi sio somelia, yule mtaalamu wa waini wa hotelini. Nimezaliwa Dodoma, upande wa Hombolo, zabibu nimeziona tangu natambaa, baadaye nikapata nafasi ya kusoma Bordeaux na kule msimu wa mavuno wanafunzi wengi tunaenda kuchuma zabibu tupate hela ya kodi. Nilichuma misimu miwili kwenye eneo la Graves. Siku moja nikamwambia msimamizi kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, akaniangalia kama naongopa, maana kwao ni mara moja tu, mvua ya mawe ikipiga Agosti au barafu ikipiga Aprili basi mwaka umekwenda, tuonane mwakani. Kumbuka hilo, tutalirudia tukifika kwenye kuchagua mwaka.

Sasa Carbonnieux ni nini. Inatamkwa karibu na "Kabonye", hiyo x ya mwisho iache ilale. Ni shamba la mizabibu lenye ngome ya zamani ya karne za kati, minara na ua katikati, liko Léognan (sema "Leonyan"), kusini tu ya jiji la Bordeaux. Shamba kubwa, hekta tisini na kitu, na jambo la ajabu kwa mkoa ule ni kwamba karibu nusu ya mizabibu ni ya waini nyeupe. Bordeaux nzima imejaa nyekundu, mtu akisema Bordeaux kila mmoja anaona nyekundu kichwani, lakini hapa nyeupe ndiyo iliyolipa jina shamba.

Na jina hilo lilitengenezwa na watawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1740 watawa wa Kibenediktini wa abasia ya Sainte-Croix ya Bordeaux walilinunua, wakapanda, wakatengeneza nyeupe safi kiasi kwamba ikaanza kusafiri. Hapo ndipo inakuja hadithi ambayo kule wanaisimulia kila mgeni akifika, na mimi naipenda kuliko zote: eti watawa waliipeleka mpaka kwenye ikulu ya Sultani wa Uturuki, na kwa kuwa dini hairuhusu, wakaandika kwenye chupa "maji ya madini ya Carbonnieux". Sultani akanywa, akashangaa, akauliza, hawa Wafaransa wenye maji matamu hivi, wanahangaika kutengeneza waini ya nini? Kama ilitokea kweli hivyo au watu wameiongezea chumvi, ni hadithi ya barazani, ichukue hivyo. Lakini ona jambo moja, huwezi kusema nyekundu ni maji. Hadithi yenyewe inakuambia ni chupa gani ilikuwa na sifa.

Na sio hadithi tu. Mwaka 1787 Thomas Jefferson, kabla hajawa rais wa Marekani, alikuwa balozi wao Ufaransa, akapita Bordeaux na daftari lake akiandika waini za kule, na kwenye nyeupe za Graves akalitaja shamba hili la Wabenediktini. Miaka miwili baadaye yakaja Mapinduzi, mali za kanisa zikataifishwa na kuuzwa, watawa wakaondoka, shamba likapita mikono mingi. Mwaka 1956 likanunuliwa na familia ya Perrin, wakulima wa mizabibu waliokuwa Algeria kabla, na mwaka huohuo Februari ilipiga baridi moja mbaya sana iliyoua mizabibu mingi Bordeaux, hebu fikiria unaanza shamba jipya na hali hiyo. Wamepanda upya, wamekarabati, na mpaka leo bado ni la familia hiyohiyo.

Haya, historia imetosha, twende kwenye mambo ya hela yako.

Kusoma lebo

Lebo ya Kifaransa inatisha watu bure. Kwanza tafuta jina, Château Carbonnieux, limeandikwa kamili. Kama imeandikwa La Croix de Carbonnieux hiyo ni waini ya pili ya shamba hilohilo, yaani zile zabibu au mapipa ambayo hayakuchaguliwa kuingia kwenye waini kubwa, mara nyingi kutoka mizabibu michanga. Sio feki na sio mbaya, kwa kweli ni nzuri ya kuanzia, ila usilipe bei ya kaka mkubwa kwa mdogo mtu. Nimeona duka moja limeipanga rafu moja na bei moja na ile kubwa, nikamwonyesha muuzaji, akasema "zote si Carbonnieux tu". Hapana bwana, sio zote.

Pili tafuta maneno Pessac-Léognan. Hilo ndilo eneo rasmi. Lilianzishwa mwaka 1987, lilimegwa kutoka Graves upande wa kaskazini ulio karibu na jiji, kwa hiyo ukikutana na chupa ya mwaka 1982 imeandikwa Graves tu usiite polisi, ndivyo ilivyotakiwa kuandikwa wakati ule. Graves yenyewe maana yake ni changarawe, na nakuhakikishia ni changarawe kweli, viatu vyangu ni mashahidi. Kokoto zile zimeletwa na mto Garonne miaka na miaka, maji ya mvua yanapita haraka hayatuami, mizizi inalazimika kwenda chini kutafuta, na mchana jiwe linabeba joto usiku linaliachia. Mzabibu ukikaa kwenye udongo mnono wenye maji unazaa majani mengi na zabibu za maji maji, hilo hata bibi yangu Hombolo alilijua bila Kifaransa.

Tatu, Cru Classé de Graves, yaani shamba la Graves lililoingia kwenye orodha rasmi ya ubora. Hapa wauzaji wengi wanadanganya au hawajui. Ile orodha maarufu ya 1855 yenye madaraja ya kwanza mpaka ya tano ni ya nyekundu za upande wa Médoc, pamoja na Château Haut-Brion peke yake kutoka Graves, na zile nyeupe tamu za Sauternes na Barsac. Carbonnieux haimo. Graves walipata orodha yao mwaka 1953, ikarekebishwa 1959, mashamba 16, na haina madaraja, umo au haumo. Kwa hiyo mtu akikuambia Carbonnieux ni "daraja la kwanza" ili akupandishie bei, mwache aongee. Cha maana ni hiki: katika hayo 16 ni mashamba sita tu yaliyoingia kwa nyekundu na nyeupe zote mbili, na Carbonnieux ni mojawapo.

Halafu kuna Mis en bouteille au château, maana yake imetiwa chupani palepale shambani. Ukiona Grand Vin usipagawe, ni maneno mazuri lakini sio cheo. Na mtego mmoja wa mwisho, Graves Supérieures ni nyeupe yenye utamu wa sukari, kitu kingine kabisa, rafiki yangu aliinunua akidhani "supérieures" inamaanisha ni bora kuliko zote akashangaa inakuwa kama juisi.

Nyeupe au nyekundu, na mwaka gani

Kama ni chupa yako ya kwanza, nunua nyeupe. Najua, najua, kwetu nyekundu ndiyo "waini ya watu wazima" na nyeupe ni ya kina dada, hayo maneno nimeyasikia mpaka yamenichosha. Lakini nyekundu nzuri za bei ile Bordeaux zipo nyingi mno, unaweza kuzunguka mwezi mzima. Nyeupe kavu yenye umri mrefu, iliyochachuka ndani ya pipa la mwaloni na bado ina ubichi wa ndimu, kwa bei hiyo, hazipo nyingi. Kwa Ulaya zote mbili mara nyingi zinazunguka euro 30 mpaka 45 kutegemea duka na mwaka, huku kwetu ikishalipiwa ushuru na usafiri jiandae kisaikolojia.

Nyeupe imechanganywa aina mbili. Sauvignon Blanc ndiyo nyingi, inaleta ndimu, balungi, harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi. Sémillon (sema "Semiyon") inaleta mwili, ule unono, kama nta, na ikizeeka asali na lozi ingawa sukari hakuna. Wanachuma kwa mkono, na kwa nyeupe tulikuwa tunaanza kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza ili zabibu zifike baridi, mwishoni mwa Agosti au Septemba, vidole vinakufa ganzi. Kisha juisi inachachuka kwenye mapipa na kukaa miezi kadhaa pamoja na chachu yake iliyokufa chini, wanaikoroga mara kwa mara kama uji usishike sufuria. Huo ukorogaji ndio unaoipa ule ulaini. Aliyefundisha watu wa Bordeaux kutengeneza nyeupe namna hiyo kwa akili ya maabara ni profesa mmoja, Denis Dubourdieu, alifariki 2016, na kule wakulima wanamtaja kama sisi tunavyomtaja mwalimu aliyetupitisha la saba.

Nyekundu ni Cabernet Sauvignon kwa wingi, Merlot inafuata, na aina nyingine kidogo kidogo. Sio nyekundu ya kukupiga ngumi. Ni nyembamba kiasi, ina harufu ya moshi, tumbaku, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, tunda lake mimi nalifananisha na zambarau, na kama zambarau inakuachia ukakasi ulimini. Ukakasi huo ndio hiyo wanaita tanini, usidhani imeharibika. Waini changa ina ukakasi mkali kama bibo, miaka ikienda unalainika.

Mwaka sasa. Kumbuka nilisema wanavuna mara moja. Kwa nyekundu 2009, 2010, 2015, 2016, 2018, 2019 na 2020 ni miaka ambayo huwezi kukosea sana. Mwaka 2013 ulikuwa wa mvua na baridi, nyekundu zake nyepesi, ukiuziwa bei ya 2016 kataa. 2017 barafu iliunguza machipukizi Aprili mwishoni, 2021 nao barafu halafu kiangazi cha baridi, nyekundu zikawa dhaifu dhaifu, LAKINI nyeupe za miaka hiyo miwili ni nzuri sana, kwa sababu nyeupe inataka ubaridi ibaki na ukali wake wa ndimu. Watu wakishasikia "mwaka mbaya" wanaziacha zote kwenye rafu, hapo ndipo wewe unaingia na kuchukua nyeupe.

Umri: nyeupe usiogope hata ya miaka minane au kumi kama imetunzwa. Nyekundu ya mwaka mzuri ipe angalau miaka minane tangu kuvunwa. Na hapa kwenye "kama imetunzwa" ndipo kuna shughuli.

Kununua bila kuuziwa maiti

Kwa bei hii sioni mtu akihangaika kutengeneza feki, hela iko kwenye chupa za maelfu ya euro. Hatari yako ni joto. Kontena limekaa bandarini juani, duka halina kiyoyozi usiku, chupa imesimama dirishani kama pambo. Kwa hiyo kabla hujalipa fanya hivi, ishike, angalia usawa wa waini shingoni, kwa chupa ya miaka ya karibuni inatakiwa iwe juu kwenye shingo, ikiwa imeshuka hadi mabegani inavuja au inapumua. Pitisha kidole juu ya kifuniko, kizibo kikiwa kimevimba kimeinua kofia au kuna unatonata, rudisha. Nyeupe iangalie kwenye mwanga, ya miaka mitano iwe rangi ya majani makavu au dhahabu hafifu, ikiwa kahawia kama chai ya rangi mwache nayo. Kama unanunua kwa simu omba picha ya shingo na kofia, sio lebo tu, muuzaji anayekasirika kwa ombi hilo ameshajibu.

Na ukiona vipande vidogo kama sukari au chembe za kioo chini ya nyeupe, tulia. Ni asidi ya zabibu yenyewe imeganda kwa baridi, haina madhara, haina ladha. Mimi nikiziona nafurahi, maana yake waini imepitia ubaridi mahali fulani.

Ukiibeba kwenye ndege iweke kwenye begi la kupakia, katikati ya nguo, sio pembeni, ifunge khanga mbili na mfuko wa nailoni juu, ikipasuka angalau mashati ya mchumba yapone.

Kuitunza kwenye nyumba za kwetu

Inataka nyuzi 12 mpaka 14, giza, utulivu, na ilale ubavu ili kizibo kisikauke. Nani ana sehemu hiyo Temeke au Kasarani? Sasa hesabu ni hii: kama utainywa ndani ya wiki moja mbili, kabati la chini sakafuni, mbali na jiko, inatosha. Kama ni miezi, iweke kwenye friji ya kawaida, droo ya chini ya mboga, ilaze. Wataalamu watakuambia friji ni baridi mno na kavu mno, ni kweli, lakini friji inaichelewesha tu kukua wakati kabati la Dar kwenye nyuzi 32 linaiua. Kati ya kuchelewa na kufa mimi nachagua kuchelewa. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango. Na kama ni miaka, kwa kweli usinunue ya kuweka, mwambie aliye Ulaya aitunze chumba cha chini huko mpaka atakapokuja. Buti la gari juani hata saa mbili, hapana.

Siku yenyewe

Nyeupe itoe kwenye friji kama dakika ishirini kabla, usiinywe kwenye nyuzi nne, hutasikia chochote zaidi ya baridi. Nyuzi 10 hadi 12 ndio kwake. Kama haikuwa kwenye friji, ndoo, barafu NA maji, nusu kwa nusu, na chumvi konzi moja, inapoa haraka kuliko barafu tupu kwa sababu maji yanaikumbatia chupa pande zote. Barafu ndani ya glasi, naomba usinifanyie hivyo, watawa wale wamehangaika.

Nyekundu hapa ndipo wengi tunakosea. Tumesoma "nywa kwa joto la chumba" tukasahau chumba hicho kilikuwa cha Ulaya ya zamani bila hita, nyuzi 17 hivi. Chumba chako Mikocheni ni 30. Nyekundu ikiwa na joto hilo pombe inapanda puani inakuwa kali kama ya kienyeji. Iweke friji dakika thelathini hadi arobaini kabla ya kunywa. Mtu akikucheka kwa kupoza nyekundu mpe aonje zote mbili.

Kufungua: kata ile kofia ya bati laini chini ya mdomo wa chupa, futa, zungusha kizibuo katikati mpaka kibaki kipindo kimoja, usitoboe hadi chini vipande visidondoke ndani, vuta polepole. Nusa. Ikinuka boksi lililolowa au godoro lililonyeshewa, hapo kizibo kina ugonjwa, hutokea hata kwa chupa za bei kubwa na sio kosa lako, irudishe dukani kama umenunua karibuni, iliyojaa hivyohivyo. Ukikutana nayo hotelini mwambie weita kwa upole, una haki ya chupa nyingine.

Nyekundu changa imimine kwenye jagi la kioo safi iachwe saa moja, mbili, ukakasi unapungua ukiigusisha hewa. Ya zamani ya miaka 15 na kuendelea usiitese, isimamishe siku moja kabla mashapo yashuke, mimina taratibu, ukiona weusi unakaribia shingo acha. Na glasi, jamani, jaza theluthi tu. Ukijaza hadi juu hakuna nafasi ya harufu na harufu ndio nusu ya hela uliyolipa. Chupa inatoa glasi tano au sita, ni asilimia 13 hivi ya pombe, kwa hiyo piga hesabu ya watu na ya nani anaendesha.

Na chakula

Kule Bordeaux nyeupe za Graves wanazinywa na chaza wa ghuba ya Arcachon, wabichi, ndimu kidogo. Sisi tunayo bahari yetu. Nilichojaribu na kikanishangaza ni samaki wa kupaka, changu au kolekole, tui zito, mkaa, ndimu. Ule unono wa Sémillon unakutana na tui halafu ubichi wa Sauvignon unakata mafuta, unamaliza sahani bila kuhisi uzito. Pweza wa nazi pia, kamba wa kuchoma na kitunguu saumu pia. Masharti ni pilipili: weka pembeni. Pilipili kali inafanya pombe iunguze na kwa nyekundu ndio mbaya zaidi, ukakasi unageuka kutu mdomoni.

Nyekundu ni ya nyama, na hapa Wafaransa wale ni ndugu zetu kabisa bila wenyewe kujua. Wakishapogoa mizabibu msimu wa baridi wanafunga vijiti vikavu mafungu mafungu wanaweka, kisha wanavichoma na kuchomea juu yake kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe, chumvi na vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa, basi. Nyama choma. Nilipoiona mara ya kwanza baada ya kuchuma, sote tumesimama kuzunguka moto na visu mkononi, nilitafuta kachumbari kwa macho. Kwa hiyo mbuzi wa kuchoma, chumvi tu na kachumbari isiyo na pilipili, na Carbonnieux nyekundu iliyopozwa kidogo, hapo huhitaji ushauri wangu. Pilau ya nyama inakubali pia kama binzari haijazidi.

Ukifungua zote mbili meza moja anza na nyeupe, ukianza na nyekundu ulimi unakuwa umeshakaushwa.

Kama uko Ulaya na unataka kufika mwenyewe

Treni ya kasi kutoka Paris Montparnasse mpaka Bordeaux Saint-Jean ni kama saa mbili tu. Léognan hakuna tramu, ni basi au gari, na kama mtaonja wote tafuteni dereva asiyekunywa au teksi. Usiende bila miadi, andika kabla, taja siku na idadi ya watu na lugha, na kama unaweza epuka Septemba, kila mtu yuko shambani na mgeni anakuwa mzigo. Ukifika kitu cha kwanza ni "bonjour", kabla ya swali lolote, bila hiyo utahudumiwa kwa uso wa mbao, kwenye hilo wanafanana na wazee wetu. Watakupa uonje kidogo kidogo na kuna chombo cha kutemea, kutema sio dharau, wote wanatema, mimi siku ya kwanza kwa aibu nilimeza zote sita nikarudi nimelala kwenye basi mpaka kituo cha mwisho. Omba kuonja nyeupe ya karibuni na ya zamani pamoja kama wanayo wazi, ndipo utaona zile asali na lozi nilizosema. Mjini kwenyewe kuna Cité du Vin, jumba kubwa la makumbusho ya waini lililofunguliwa 2016, tramu B inakushusha pale, siku ya mvua panafaa.

Nyeupe ikibaki rudishia kizibo, iweke friji, siku tatu iko sawa, na mara nyingi mimi naikuta siku ya pili imefunguka zaidi ya jana, kwa hiyo siku hizi naficha glasi moja kwa makusudi kabla wageni hawajafika. Nyekundu iliyobaki nayo friji, siku mbili, ikizidi hapo mimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe na vitunguu na karoti, moto mdogo saa tatu, usimwambie mtu umeweka nini.